Sheria ya Ulaya Haisafiri Ndani ya Simu ya Ex-UK

"Mwalimu, si Ulaya wametoa sheria kwamba mtu anaweza kufuta apu zote zilizokuja na simu? Mbona yangu inakataa, na dukani niliambiwa ni ex-UK?"

Swali hili nimeulizwa Kitui mjini, nimeulizwa Mwingi, nimeulizwa Wote na Emali, na anayeuliza huwa ameshaamua la kufanya. Kuna fundi karibu na stendi ambaye "husafisha" simu kwa bei ya chakula cha mchana. Anachotaka kwangu ni baraka tu: niseme kwamba sheria iko upande wake, kisha aende akasafishiwe. Baraka hiyo sina. Sheria anayoitaja ipo, ni sheria nzuri, na haimhusu. Usafishaji anaoukimbilia haumpi anachokitafuta, tena unaweza kumpokonya alichonacho. Haki anazo kweli, ila ziko katika vitabu vingine ambavyo hakuna anayeniuliza habari zake.

Nianze na Ulaya, niimalize upesi.

Umoja wa Ulaya ulipitisha Sheria ya Masoko ya Dijitali mwaka 2022. Septemba 2023 Tume ya Ulaya ikazitaja kampuni 6 kuwa walinzi wa lango: Alphabet inayomiliki Google, Amazon, Apple, ByteDance, Meta na Microsoft. Kuanzia tarehe 7 Machi 2024 zikatakiwa kutii. Kifungu cha 6, ibara ya 3, kinamtaka mlinzi wa lango amwezeshe mtumiaji kuondoa kwa urahisi programu yoyote iliyo katika mfumo wake wa uendeshaji, isipokuwa zile ambazo mfumo au kifaa hakiwezi kufanya kazi bila hizo na ambazo mtu mwingine hawezi kuzitoa peke yake. Faini hufika asilimia 10 ya mapato ya kampuni ya mwaka mzima, duniani kote, na asilimia 20 kwa anayerudia kosa. Sheria hiyo imeuma. Microsoft ilikubali watumiaji wa Windows wa huko waondoe kivinjari cha Edge. Machi 2024 Tume ilifungua uchunguzi juu ya Apple, ikaufunga Aprili 2025 baada ya kampuni hiyo kubadilisha mambo, likiwemo la kumruhusu mwenye iPhone kuondoa Safari.

Tia maanani neno moja hapo: wa huko. Sheria inamlinda mtumiaji aliye ndani ya Umoja wa Ulaya. Haikuchapwa kwenye saketi za simu. Apple, kwa mfano, huangalia nchi ya akaunti yako na mahali ulipo kabla ya kukufungulia vipengele vya Ulaya, kwa hiyo iPhone iliyonunuliwa Paris ikifika sokoni Kalundu ni simu ya Kalundu. Na hiyo ex-UK yenyewe, yaani iliyotoka Uingereza? Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020. Ina sheria yake ya mwaka 2024, na Oktoba 2025 mamlaka yake ya ushindani iliziweka Apple na Google katika kundi la kampuni zinazoweza kuwekewa masharti maalumu. Hayo nayo ni ya watu wa Uingereza. Muuzaji anayekuambia kwamba ex-UK "haina apu za kulazimishwa" anakuuzia hadithi pamoja na simu.

Tena wengi wanaoniuliza hawana hata hiyo ex-UK. Wana Tecno, Infinix au itel, chapa tatu za kampuni moja ya Shenzhen iitwayo Transsion. Kampuni hiyo haimo katika ile orodha ya 6. Ungekuwa Berlin leo na itel yako mkononi, amri ya Ulaya ingeelekezwa kwa Google kama mwenye Android, na mtengenezaji wa simu yako asingetajwa.

Hapo ndipo ninapoambiwa: basi, kama sheria haisaidii, fundi atasaidia.

Sina ugomvi na mafundi wa simu. Wanabadilisha vioo, betri na tundu la chaji kwa ustadi ambao maduka ya kampuni mara nyingi hayana, na bila wao nusu ya simu za huku kwetu zingekuwa kabatini. Ninachokipinga ni huduma moja tu wanayouza, hii inayoitwa kusafisha: kuruti simu au kuiflashi ili apu za kiwandani zitoke. Imani iliyo nyuma yake ni kwamba apu zile zimekalia nafasi yako, kwamba zikifutwa nafasi itarudi, simu itakuwa nyepesi na bando litadumu. Karibu kila sehemu ya imani hiyo ni kosa, na nataka tuipitie polepole kwa sababu watu wanaendelea kuilipia.

Nafasi kwanza. Memori ya simu ya Android imegawanywa. Kuna sehemu ya mfumo, ambayo mtengenezaji huijaza na kuifunga isiandikike, na kuna sehemu ya mtumiaji, ambako hukaa picha, nyimbo, mafaili ya WhatsApp na apu unazoweka mwenyewe. Apu za kiwandani zimewekwa katika ile ya kwanza. Simu iliyoandikwa GB 32 kwenye boksi si ajabu ukiiwasha mara ya kwanza ukute GB 10 au zaidi zimeshaliwa, na hizo ndizo watu wanazotaka kuzirudisha. Hazirudi. Ni kama kabati lililojengewa ukutani katika nyumba ya kupanga: ukitoa vitu vyote vilivyomo, chumba chako hakipanuki hata inchi. Ukifuta apu kwa nguvu kutoka sehemu ya mfumo, tundu linabaki huko huko kwenye sehemu ya mfumo, na picha zako haziwezi kuingia humo. Nafasi inayoweza kurudi kwako ni ile iliyochukuliwa na masasisho ya apu hizo na data zake, kwa sababu hivyo viko upande wako. Na vyote viwili unaweza kuviondoa wewe mwenyewe, bila fundi, bila senti.

Kwa sababu hiyo hiyo, kurejesha simu katika hali ya kiwandani hakuondoi apu za kiwandani. Jina lenyewe linasema, lakini bado naletewa simu zilizofomatiwa mara kadhaa na mwenyewe anashangaa apu zimerudi. Kufomati hufuta sehemu ya mtumiaji. Sehemu ya mfumo haiguswi. Ulichofuta ni picha za mtoto wako na namba za wateja wako wa ndengu, na apu uliyoikusudia ikabaki salama.

Sasa kuruti. Ili kuandika katika sehemu ya mfumo, fundi lazima kwanza afungue butiloda, ile programu ndogo inayoamsha simu. Kuifungua kunafuta kila kitu kilichomo katika sehemu ya mtumiaji; ndivyo ilivyoundwa, ili mwizi asifikie data zako kwa njia hiyo. Baada ya hapo simu haithibitishi tena kwamba mfumo unaowaka ni ule uliotiwa saini na mtengenezaji. Huo ukaguzi ndio unaotegemewa na apu za benki. Google ina huduma ambayo apu huiuliza kama simu ni nzima au imechezewa, na simu iliyorutiwa hujibu vibaya. Apu nyingi za benki zikipata jibu hilo hukataa kufunguka. Kwenye Samsung kuna kifyuzi ndani ya chipu kinachoungua mara moja mfumo usio rasmi unapowekwa. Hakitengenezeki. Hata ukirudisha mfumo wa asili, Folda Salama ya simu hiyo haitafanya kazi tena. Mtu alitaka kuondoa apu ya nyimbo, akapoteza apu ya benki.

Tena fundi anapofuta hufuta asichokijua. Katika orodha ya apu za mfumo kuna moja inayosomeka SIM Toolkit. Haina sura ya kuvutia na huonekana kama taka. Ndiyo inayobeba menyu ya M-Pesa iliyomo ndani ya laini. Ukiiondoa, menyu hutoweka, na mama wa soko anayetegemea menyu hiyo huambiwa laini yake imeharibika aende akasajili upya. Laini ni nzima. Itambidi atumie *334# hadi simu iwekewe mfumo upya. Kuna nyingine, WebView, ambayo apu nyingi huitumia kuonyesha kurasa za mtandao ndani yao. Machi 2021 sasisho bovu la WebView lilifanya apu za watu duniani kote zizimike zenyewe, hadi Google walipotoa sasisho jingine. Hao ni wenye mfumo wenyewe, na waliteleza. Fikiria anayefuta kwa kubahatisha majina.

Kuflashi ndiko kubaya zaidi. Hapa fundi anafuta mfumo mzima na kuweka mwingine aliopakua. Kutoka wapi? Kutoka tovuti na makundi ya Telegram, faili ambalo halina saini ya mtu yeyote wa kuwajibika. Na hapa naomba usome kwa makini, kwa sababu bara letu limeshaonja jambo hili.

Agosti 2020, kampuni ya usalama wa simu ya Upstream kupitia mfumo wake wa Secure-D, pamoja na waandishi wa BuzzFeed News, walieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Cameroon, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper tangu zikiwa mpya. Programu hizo ziliwasajili watu katika huduma za kulipia bila wao kujua, zikala salio na bando. Secure-D ilihesabu miamala milioni 19.2 ya kutiliwa shaka kutoka simu zaidi ya 200,000 tangu Machi 2019. Kufomati hakukuiondoa xHelper, ilijirudisha. Kampuni ya Transsion ilijibu kwamba ni tatizo la zamani lililokwishatolewa dawa, na ikamtaja mtoa huduma mmoja katika mnyororo wa utengenezaji, bila kumpa jina, kuwa ndiye aliyeliingiza. Google nao walikuwa wameeleza mwaka mmoja kabla, Juni 2019, jinsi Triada ilivyokuwa ikiingia katika simu za watengenezaji mbalimbali: mtengenezaji humkabidhi mtu wa nje mfumo wa simu ili aongeze kitu fulani, na huyo wa nje huurudisha ukiwa na mdudu ndani.

Yaani simu za watu ziliharibika kwa sababu mfumo ulipita katika mkono mmoja wa ziada usiojulikana. Unapompa fundi aweke mfumo aliopakua Telegram, unaongeza mkono mwingine wa namna hiyo hiyo, safari hii kwa hiari yako na kwa pesa yako. Uliogopa apu ambayo angalau jina lake unaliona kwenye skrini. Ukachukua mfumo mzima ambao humjui aliyeupika, ukamwekea PIN yako na ujumbe wako wote.

Na kuna IMEI. Simu nyingi za bei nafuu zina chipu za MediaTek, na fundi akiziflashi kwa kufuta kila kitu, hufuta pia sehemu ndogo inayohifadhi ile namba ya tarakimu 15. Simu inawaka lakini haipati mtandao. Fundi anasema usijali, nitaiandika tena. Anaandika namba yoyote. Kubadilisha IMEI ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, na simu yenye namba ya uongo iko mfukoni mwako, si mwake. Kuanzia Januari 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliwataka waagizaji na waunganishaji wa simu waziwasilishe namba za IMEI kwa mamlaka ya ushuru. Namba ya kubuni si kitu cha kutembea nacho.

Walio na simu za mkopo nao wasikie. Ile programu inayofunga simu usipolipa imewekwa kwa mkataba ulioutia saini, iwe ni wa shilingi 20 kwa siku kama Lipa Mdogo Mdogo ilivyoanza mwaka 2020 au wa kampuni nyingine yoyote. Fundi anayeahidi kuitoa kabla hujamaliza deni anakuingiza katika kuvunja mkataba, na deni linabaki pale pale. Ukimaliza kulipa ni habari nyingine, nitaifikia.

Basi, tuuache ushirikina huo tuseme la maana. Kwa nini apu hizi zimo? Kwa sababu zimelipiwa. Mtengenezaji wa simu ya shilingi 9,000 ana faida nyembamba sana, na mwenye kivinjari, mwenye duka la apu au mwenye michezo humlipa ili awekwe ndani kabla ya wengine, au hugawana naye mapato ya matangazo. Wengine ni ndugu wa nyumba moja: Boomplay ilizaliwa ndani ya familia ya Transsion. Google yenyewe ilitozwa faini ya yuro bilioni 4.34 na Tume ya Ulaya mwaka 2018, kwa kuwalazimisha watengenezaji waweke programu yake ya utafutaji na Chrome ili wapate duka la Play. Mahakama ya huko ilipunguza faini hadi bilioni 4.125 mwaka 2022. Watafiti waliochambua simu zaidi ya 1,700 za watengenezaji 214, katika kazi waliyoitoa mwaka 2019, walikuta apu za kiwandani zaidi ya 82,000, nyingi zikiwa na ruhusa ambazo apu ya kawaida haipati na zikikusanya data bila mwenye simu kuulizwa. Januari 2020 shirika la Privacy International na wenzake zaidi ya 50 waliiandikia Google barua ya wazi wakidai mtumiaji aweze kuziondoa kabisa. Hoja yao ndiyo yangu: anayenunua simu ya bei ya chini asilipie tofauti hiyo kwa faragha yake. Mkulima wa Mutomo ana haki ile ile ya mwenye simu ya laki mbili Nairobi.

Sasa sheria zetu. Kenya haina kifungu kinachosema mtumiaji anaweza kufuta programu ya kiwandani. Hilo nalisema waziwazi ili usidanganywe. Katika kanda, kuna Kanuni za Ushindani za COMESA, zilizotungwa kwanza 2004 na kusimamiwa na tume iliyoanza kazi Lilongwe Januari 2013. Kuna Sheria ya Ushindani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2006 na mamlaka yake Arusha. Kuna itifaki ya ushindani ya eneo huru la biashara la Afrika, iliyopitishwa na wakuu wa nchi Februari 2023. Zinagusa kampuni kubwa zinazotumia vibaya nguvu zao sokoni. Usitegemee mojawapo ikufutie apu kesho asubuhi.

Kinachokufaa leo kiko Nairobi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamlinda mtu aliye nchini Kenya, hata kama anayechukua data zake hana ofisi hapa. Angalia jinsi mambo yalivyogeuka: kilichokunyima sheria ya Ulaya, yaani mahali ulipo, ndicho kinachokupa hii. Sheria hiyo inamtaka anayekusanya data athibitishe kwamba ulikubali. Mzigo wa ushahidi ni wake. Inakuruhusu kuondoa kibali wakati wowote. Inataka data ikusanywe kwa kiasi kinachohitajika tu, na faragha ijengwe ndani ya bidhaa tangu mwanzo. Apu ya tochi inayosoma majina ya watu wako wote kwa sababu ulibonyeza "Kubali" siku ya kwanza, ukiwa dukani, foleni ikiwa nyuma yako, ina maswali ya kujibu. Kamishna wa Data anapokea malalamiko kwa maandishi au kwa mdomo, na sheria inataka yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Adhabu ya ofisi yake hufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo. Ni ndogo mno ukilinganisha na ya Ulaya, na Bunge linapaswa kuiongeza. Lakini fidia kwa aliyeumia ni jambo jingine, nayo sheria imeiruhusu.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inahesabu kuwa hila kumwambia mnunuzi kwamba bidhaa ina sifa isiyokuwa nayo, na inampa mwaka mmoja wa kutoa notisi ya kuvunja mapatano yaliyofanywa kwa hila hiyo. Aliyekuuzia simu akakuambia "ina nafasi ya GB 32 yote yako", au "hii ni ex-UK, apu zote zinafutika", ameingia humo kwa miguu yake miwili. Sheria ya Ushindani ya 2010 nayo inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na inakataza kampuni yenye nguvu za soko kumwekea mtu masharti ya ziada yasiyohusiana na anachonunua. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya inajua kufungua mlango uliofungwa. Mwaka 2014 mawakala wa M-Pesa waliachiliwa kuhudumia mitandao mingine, baada ya Airtel kulalamika na Mamlaka kuingilia kati. Baadaye ikaagiza kila anayetuma pesa kwa simu aonyeshwe gharama kabla ya kukamilisha muamala. Kabla ya hapo tulikuwa tukikisia gharama hizo. Mtu alilalamika, faili likafunguliwa, ukurasa wa simu yako ukabadilika. Sioni kwa nini apu za kiwandani zisipitie njia hiyo hiyo, ila sharti malalamiko yawepo.

Haya, ya kufanya, na ni haraka.

Kabla ya kulipa, washa simu dukani, fungua Mipangilio, tazama nafasi iliyobaki kabla hujaweka chochote. Hiyo ndiyo simu unayonunua; namba ya kwenye boksi ni ya boksi. Gusa apu tatu nne usizozijua uone kama zina kitufe cha Sanidua. Muuzaji akikukataza kuwasha, nenda duka la pili. Dai risiti yenye modeli na IMEI, bonyeza *#06# ulinganishe.

Simu ikiwa yako tayari: Mipangilio, Programu, gusa apu. Penye Sanidua, sanidua. Pasipo Sanidua, gusa Ondoa masasisho, kisha futa data, kisha Zima. Apu iliyozimwa haiwaki, haili bando, haitumi matangazo, haisasishwi. Kwa mahitaji ya kila siku hiyo inatosha, na wengi wanaokwenda kwa fundi hawajawahi kuigusa. Isiyokubali hata kuzimwa, inyang'anye Ruhusa zote, zima Arifa zake, zima data ya chinichini, na uikatalie ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine; hiyo ya mwisho ndiyo inayoleta matangazo yanayoruka usoni ukiwa unapiga simu. Mwenye kompyuta na kebo anaweza kutumia zana ya ADB kupitia Chaguo za Wasanidi, ambayo humwondolea mtumiaji apu bila kuruti. Faili hubaki katika sehemu ya mfumo na ukifomati litarudi, lakini benki yako haitakufungia mlango. Usiguse SIM Toolkit, WebView, kibodi wala kitu ambacho jina lake hulijui. Apu za "kusafisha" na "kuongeza kasi" kutoka dukani ziache kabisa. Nyingi zinaishi kwa matangazo yale yale unayoyakimbia.

Salio likikatwa kwa huduma usiyoijua, piga mtandao wako uombe orodha ya huduma ulizosajiliwa, uzikatae zote, uhifadhi ujumbe wa majibu. Simu ikiendelea kujisajili yenyewe, irudishe kwa muuzaji kwa maandishi, ukieleza ni lini na kiasi gani. Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo, palipo nayo, husikiliza kesi za hadi shilingi milioni 1, na huhitaji wakili.

Uliyemaliza mkopo wa simu: dai kwa maandishi kufuli litolewe na data walizozikusanya kwa ajili ya mkopo zifutwe, kwa sababu shughuli iliyowapa kibali imekwisha. Sheria ya data inakupa haki ya kudai hivyo. Wape muda unaofaa, kisha mwandikie Kamishna.

Lalamiko lenyewe lisizidi ukurasa. Andika modeli ya simu, duka na tarehe ya kununua. Taja apu moja, si kumi. Sema inachukua nini, kwa mfano majina ya watu wako au mahali ulipo, na ambatisha picha ya skrini ya Ruhusa zake na picha nyingine inayoonyesha kwamba kitufe cha kuiondoa hakipo. Eleza kwamba hukuombwa kibali, au kwamba umekiondoa na simu haikuheshimu. Dai mambo mawili: data zako zifutwe, na mtengenezaji aweke njia ya kuiondoa apu. Nakala moja kwa Kamishna wa Data, moja kwa Mamlaka ya Ushindani, moja kwa duka. Kiswahili kinaruhusiwa, ni lugha rasmi kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba.